Ndugu Yangu Anagawa Bure Kitu Ninachouza

Shangazi, hujambo?

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili, na tunaishi Umoja hapa Nairobi. Naandika programu za kompyuta. Kazi hii ndiyo imelipa kodi ya nyumba na karo tangu nioe, na sasa naona inaniponyoka. Anayeninyang'anya ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Programu yangu ni ya shule. Wateja wangu ni akademia ndogo ndogo za Kayole, Komarock, Njiru na Ruai, zile ambazo mwenyewe ni mwalimu mstaafu, ofisi ni chumba kimoja, na karani ndiye mhasibu na ndiye mpokea wageni. Shule inanilipa ada mara moja kwa mwaka, mwezi wa Januari, nami naishughulikia mwaka mzima: orodha ya wanafunzi, karo, ripoti za mwisho wa muhula. Wanachokipenda zaidi ni jinsi programu inavyopanga malipo ya M-Pesa. Mzazi hutuma karo kwa nambari ya Paybill ya shule, na pale pa kuandika nambari ya mwanafunzi anaandika "Mama Brayo" au "karo ya mtoto". Zamani karani alikuwa anashinda na daftari akibahatisha. Programu yangu inatazama jina la aliyetuma, malipo yaliyotangulia na salio la kila mtoto, kisha inapendekeza ni mwanafunzi yupi. Sehemu hiyo ilininyima usingizi, mke wangu ni shahidi.

Ndugu yangu ndiye kitinda mimba kwetu. Baba alipofariki, yeye alikuwa kidato cha pili. Nililipa karo yake mpaka akamaliza chuo kikuu. Likizo alikuwa anakuja kukaa kwangu, namfundisha kazi, ananisaidia kurekebisha hitilafu za hapa na pale na kuzungukia shule, nami nampa pesa za matumizi. Hatukuandikiana chochote. Nani huandikiana mkataba na mtoto wa mama yake?

Sasa ana kazi nzuri. Ameajiriwa na kampuni ya ng'ambo, anafanya kazi akiwa nyumbani kwake Ruiru, analipwa kwa dola. Mwaka jana yeye na marafiki zake wakaandika programu ya shule na kuiweka mtandaoni kwa leseni ya programu huria, kumaanisha yeyote anaweza kuichukua, kuusoma msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa kuiendesha, kuubadilisha na kuitumia bila kulipa. Anasema alianza kwa ajili ya shule ya msingi ya kwetu Mwingi, ambako walimu bado wanaandika kila kitu kwenye vitabu. Hiyo sina neno nayo. Lakini kitu kikishawekwa mtandaoni hakijui Mwingi wala Kayole. Kuna kijana anazunguka huku Eastlands akiziwekea shule programu hiyo kwa pesa kidogo tu, na wateja wangu wameanza kuondoka. Ambao hawajaondoka wananiuliza, "Mwalimu, hii yako ina nini ambacho ile ya bure haina?"

Niliichukua nikaisoma. Shangazi, ile sehemu ya kupanga malipo ni fikra yangu. Hatua zinafuatana vile vile. Kuna mistari nikiitazama naona mkono wangu mwenyewe.

Nilimpigia simu. Sikumfokea. Nilimuuliza kama anajua anachonifanyia. Akanijibu: "Kaka, wewe mwenyewe umejenga kila kitu juu ya Linux, PHP na MySQL. Ulimlipa nani?" Vyote vitatu ni huria: mfumo wa seva, lugha ya kuandikia programu na hifadhidata. Nikakata simu, na hatujaongea tena. Krismasi sikwenda nyumbani. Mama analia kwamba tunamzika angali hai.

Lakini swali langu si la ndugu yangu peke yake. Nataka kuelewa watu wa programu huria wanafikiria nini. Mtu mwenye mshahara wa dola anaandika programu usiku kwa kujifurahisha, anaigawa, anasifiwa kote. Mimi nisiye na mshahara, ninayekula kwa kuuza programu, nitashindana vipi na bei ya sufuri? Tukienda hivi, ni nani atakayelipwa kuandika programu katika nchi hii?

Mke wangu ananiambia nitafute kazi ya kuajiriwa. Rafiki yangu mmoja anasema nimwone wakili. Mwingine anasema na mimi niufungue msimbo wangu wote kwa umma, tuone nani atashinda. Kichwa kimejaa. Nisaidie.

Mwenye Programu, Umoja

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, sijambo, na pole sana. Katika barua yako naona mambo matatu yameshikana. Kuna riziki inayopungua. Kuna kazi ya mkono wako unayoamini imechukuliwa bila wewe kuulizwa. Na kuna mtoto uliyemlea mwenyewe ambaye leo humpigii simu. Ukiyatafutia yote jibu moja, utamshtaki ndugu yako kwa mambo ya soko ambayo hakuyaanzisha yeye, au utameza hasara ya kweli kwa sababu tu ni ndugu. Naomba tuyatenganishe.

Unauliza watu hawa wanafikiria nini. Ugomvi huu ulikuwepo kabla hujazaliwa. Mwaka 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta wa Marekani barua ya wazi akilalamika kwamba wananakili programu yake ya BASIC bila kulipa, na akauliza ni nani anayeweza kumudu kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo. Ni swali lako hasa. Ila yeye alilalamikia watu waliochukua bila idhini, na katika programu huria mwenye kazi ndiye anayetoa idhini. Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa kwenye maabara ya chuo cha MIT, alitangaza mradi wa GNU akitaka kila mtumiaji awe na haki ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawa programu anayoitumia. Leseni ya GPL aliyoitoa mwaka 1989 haimkatazi mtu kuuza. Inamkataza kumficha mnunuzi msimbo. Linus Torvalds naye alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, lakini leo sehemu kubwa ya msimbo wa Linux huandikwa na waajiriwa wa makampuni kama Intel, Google na Red Hat, wakiwa kazini, wakilipwa. Red Hat yenyewe iliishi kwa kuuza huduma na uangalizi wa programu huria, na mwaka 2019 IBM iliinunua kwa dola bilioni 34.

Sikuelezi haya ili uone unalia bure. Nataka uitazame upya ile picha ya mtu anayejifurahisha usiku. Wapo watu hao, na huenda ndugu yako ni mmoja wao. Lakini nyuma ya programu nyingi huria kuna mshahara uliotoka mahali fulani. Nikikusikiliza vizuri, kinachokuuma ni kwamba mshahara huo unafika Ruiru na haufiki Umoja.

Hapo una hoja nzito, na mtu asikuambie ni wivu. Mwaka 2014 kasoro iliyoitwa Heartbleed iligunduliwa katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa inalinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ndipo watu wakajua kwamba mradi huo, ambao mabenki na makampuni makubwa yaliutegemea kila siku, ulikuwa unapata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na aliyeufanyia kazi muda wote alikuwa mtu mmoja. Kampuni ya Elastic, iliyokuwa ikigawa programu yake kwa leseni huria, iliibadilisha leseni hiyo kwa yenye masharti makali zaidi mwaka 2021, na kampuni ya Redis mwaka 2024, zote zikilalamika kwamba makampuni makubwa yanayokodisha seva yanauza kazi yao na kurudisha kidogo mno. Kwa hiyo hata ndani ya programu huria kwenyewe kuna watu wanaouliza unachouliza: anayefaidi ni nani, na anayechoka ni nani.

Pana utafiti wa wanauchumi wa Harvard uliotoka mwaka 2024. Walikadiria kwamba kama programu huria zisingekuwepo, makampuni yangelazimika kutumia mara 3.5 ya pesa yanazotumia sasa kwa programu. Mwenye kampuni akisoma hapo anafurahi. Wewe unaweza kusoma hapo hapo na kusema, basi hizo ni pesa zetu sisi waandishi zilizopotea. Lakini nenda nalo taratibu. Kama ungelipia leseni ya mfumo wa seva, ya hifadhidata na ya lugha uliyoandikia, ada yako ya Januari ingekuwa kiasi gani? Mwalimu mstaafu wa Njiru angeiweza? Naona kwamba biashara yako yenyewe iliwezekana kwa sababu kuna watu waliogawa. Wateja wako wasingenunua kwa bei ya juu. Wangebaki na daftari, kama shule ya kwenu Mwingi.

Kwa hiyo ndugu yako alisema kweli kuhusu Linux, PHP na MySQL. Ila kweli yake haikujibu swali ulilomuuliza, na ninaelewa kwa nini ulikata simu. Waliotengeneza vitu hivyo hawakukuwekea sharti la kugawa programu unayoiweka juu yake na kuiendesha mwenyewe. Hata MySQL aliyokutajia ilikuwa biashara: kampuni iliyoitengeneza iliitoa kwa GPL, na wasiotaka masharti ya GPL ikawauzia leseni nyingine, mpaka Sun ikainunua kampuni hiyo mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni 1. Kupokea hakukufanyi uwe na wajibu wa kugawa. Na yeye kugawa hakumfanyi awe mwizi. Mnaweza kuwa sahihi nyote wawili na bado ada zako zikapungua.

Hapa kwetu tumeliona jambo hili kwa karibu. Wizara ya Afya imetumia DHIS2, programu huria ya kukusanya takwimu za afya iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, nchi nzima tangu mwaka 2011. KenyaEMR, inayotunza rekodi za wagonjwa katika vituo vingi vya afya, imejengwa juu ya OpenMRS, nayo ni huria. Hakuna anayelipia nakala, lakini Wakenya wengi wamelipwa kuziweka, kufundisha wauguzi, kurekebisha zinapokwama. Watu wa programu huria hupenda kutoa mifano hii, na ni mizuri. Mimi naongeza jambo ambalo huwa hawalisemi: sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa ya wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, watu wengi wa miradi ya afya walipoteza kazi. Msimbo ulibaki palepale, bila malipo, na mishahara ikaenda. Akademia ya Ruai haina mfadhili hata wa kumpoteza. Ndiyo maana sitakuambia kirahisi, "uza huduma, acha kuuza programu," kana kwamba hilo linamaliza shida.

Hata hivyo nataka ulifikirie sana swali la wateja wako: hii yako ina nini ambacho ile ya bure haina? Wewe umelisikia kama tusi. Mimi naona ni swali la mtu ambaye bado hajaondoka na anatafuta sababu ya kubaki. Ukiisoma leseni ya programu ya ndugu yako, karibu bila shaka utakuta maneno yanayosema inatolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote. Leseni nyingi za aina hii husema hivyo, na si kosa, kwa sababu anayegawa hawezi kubeba mzigo wa kila mtu. Lakini shule inahitaji mtu wa kuubeba. Mtaala wa umilisi ulipoingia, ripoti za alama zikawa ripoti za viwango: kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia, kuwa chini yake. Mwaka 2023 gredi ya saba ikaanza na sekondari ya msingi ikazaliwa. Kila badiliko kama hilo kuna mtu aliyekaa akabadilisha ripoti kabla muhula haujafungwa, na kwa shule zako naamini mtu huyo alikuwa wewe.

Kisha kuna data ya watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja hapa Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwenye akademia anayewekewa programu na kijana wa kupita amejiuliza majina ya watoto, simu za wazazi na madeni ya karo yanakaa kwenye seva gani, na nakala ya akiba inatunzwa na nani? Kijana akipata kazi Mombasa mwezi ujao, nenosiri analo nani? Simsemi vibaya kijana huyo. Naye anatafuta riziki kama wewe. Nasema tu kwamba hayo ni mambo unayoweza kuyaahidi kwa maandishi, na kuyalipisha.

Hatari yake ni hii, na usiiepuke: ahadi ni kazi ya mwili. Programu uliyoiandika mara moja na kuiuza kwa shule nyingi ilikufanyia kazi hata ukiwa umelala. Huduma haikufanyii hivyo. Wiki ya kufungua shule simu italia alfajiri, na kila shule unayoiongeza ni karani mwingine wa kumfundisha. Unaweza kupata pesa zilezile kwa jasho zaidi. Hasara hiyo ni ya kweli, na mtu anayekuambia programu huria haimpunguzii yeyote chochote hajakaa mahali pako.

Kuna njia ambayo hukuitaja. Unaweza kuichukua programu ya ndugu yako na kuwa wewe ndiye mtu anayeijua zaidi huku Eastlands: unaiweka, unaisimamia, unaiongezea vinavyokosekana. Leseni inakuruhusu, kama inavyomruhusu yule kijana. Ungepunguza gharama ya kutunza msimbo peke yako. Lakini ungekuwa unategemea maamuzi ya watu wengine kuhusu programu inaelekea wapi, na pengine ungekuwa unameza jambo ambalo bado halijapoa. Usilifanye ukiwa na hasira, na mkilifanya, safari hii andikianeni.

Kuufungua msimbo wako ni njia halali pia, ila sababu aliyokupa rafiki yako, ya kuona nani atashinda, inanitia wasiwasi. Toleo ukishalitoa kwa leseni huria huwezi kuwaendea waliolichukua ukawadai wakurudishie. Iko leseni ya AGPL inayomlazimu anayeibadilisha programu na kuitoa kama huduma mtandaoni awape watumiaji mabadiliko yake. Inawazuia wengine kukuzunguka, lakini haikuletei mteja hata mmoja. Karani wa Komarock hasomi msimbo. Kupunguza ada nako nakutaja tu: ukishuka kuelekea sufuri, sufuri itakuwa bado chini yako.

Sasa ile mistari yenye mkono wako. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta kama kazi za maandishi. Kinacholindwa ni maandishi yenyewe, yaani msimbo ulivyoandikwa. Wazo la kumtambua mwanafunzi kwa jina la mtumaji na salio halina mwenyewe kisheria, hata kama ni wewe uliyelipata kwanza. Kwa hiyo lazima ujiulize, kwa utulivu: je, kuna mistari uliyoiandika wewe iliyohamishwa kama ilivyo, au unaona mwanafunzi wako anaandika kama mwalimu wake? Ni mambo mawili tofauti kabisa. Na ile mistari aliyoiandika yeye likizo akiwa kwako ni ya nani? Kazi ya mwajiriwa huwa ya mwajiri wake, lakini kama mdogo wako wa kupewa pesa za matumizi alikuwa mwajiriwa, hilo ni la wakili kulitazama, na huenda mawakili wawili wakatofautiana.

Ukienda huko, fahamu unachoweza kupata. Hakuna mtu anayeweza kutoa kwa leseni kitu kisicho chake, kwa hiyo kama mistari yako imo, una haki ya kudai iondolewe au ulipwe. Lakini wao wanaweza kuiandika upya kwa njia nyingine kwa siku chache, programu ikaendelea kuwa ya bure, shule zikaendelea kuondoka, nawe ukabaki na gharama za wakili na mama anayelia. Sikukatazi. Nakuomba tu upime kama unachokitafuta kiko kortini.

Kuna jambo dogo ambalo huenda lina uzito kuliko linavyoonekana. Leseni za programu huria huwa zinataka majina ya wenye hakimiliki yabaki ndani ya msimbo. Watu wa dunia ile hujali sana nani ameandika nini. Je, jina lako limo? Umemuuliza ndugu yako? Nimeisoma tena na tena ile sentensi yako, "naona mkono wangu mwenyewe", na sikuona pesa zikitajwa karibu nayo.

Kuhusu yeye, niruhusu nikuulize maswali ambayo mama yako hawezi kukuuliza bila kulia. Anajua ni shule ngapi zimekuacha? Katika simu ile ulimuuliza kama anajua anachokufanyia, lakini sikuona mahali ulipomwambia. Mtu aliye Ruiru na mshahara wa dola anaweza kuamini kwa moyo mmoja kwamba ameisaidia shule ya kijijini, asijue kijana wa Kayole amefika kwa mteja wako. Pengine anajua na hajali. Hilo pia litajulikana mkiongea. Na karo uliyomlipia: je, uliwahi kumwambia ulikuwa unatumaini nini? Huenda ulitaka mje kufanya kazi hii pamoja, ukasubiri alione mwenyewe. Wazazi na kaka wakubwa hufanya hivyo sana, na wadogo hukua bila kujua walikuwa wanangojewa.

Yeye naye alikuwa na la kufanya. Kabla ya kuitoa hadharani programu inayofanana na ile inayomlisha kaka yake, angeweza kuja Umoja, akaketi kwenye kochi alilolalia likizo zote zile, akasema, "Kaka, nataka kufanya hivi." Leseni haikumtaka afanye hivyo. Ukoo ulimtaka. Una haki ya kumwambia kwamba liliumiza, hata kama unakubali kwamba shule ya Mwingi ilistahili kupata programu.

Nisingependa mkutane nyumbani kwa mama kwanza, kwa sababu mbele yake mtapatana kwa ajili ya machozi na mtaachana na ugomvi uleule. Kutaneni nyinyi wawili, mchana, kila mtu na laptopu yake, muifungue misimbo yote miwili kando kwa kando. Mwonyeshe mistari unayoiona ni yako. Mwonyeshe pia orodha ya shule za mwaka jana na za mwaka huu. Kisha msikilize, hata akianza tena na habari za Linux.

Na mkeo asije akawa mtu wa mwisho kusikia unachoamua. Anapotaja kazi ya mshahara huenda hajaidharau kazi yako. Huenda amehesabu miezi iliyobaki mpaka Januari. Mwombe mkae naye mpige hesabu hiyo pamoja, ikiwa na ada za shule zilizobaki, na kiasi ambacho huduma inaweza kuleta kama shule nusu tu zitaikubali, na ni miezi mingapi mnaweza kungoja kabla ya kutuma barua za kuomba kazi. Wapo wanaoajiriwa kwa muda na kutunza wateja wachache jioni.

Ukishaonana na ndugu yako, niandikie. Nitapenda kujua alisema nini ulipomwonyesha ile orodha ya shule.

Shangazi